Ulicholipia Ni Kiingilio

Desemba 2023 wenye mashine za PlayStation waliletewa taarifa fupi na Sony. Vipindi vya Discovery walivyokuwa wamevinunua kwenye duka lake la mtandaoni, kuvinunua kabisa wala si kuvikodi, vingeondoka kwenye akaunti zao ifikapo tarehe 31 mwezi huohuo, kwa sababu ya mambo ya leseni kati ya kampuni hiyo na wenye vipindi. Taarifa haikugusia kurudishiwa fedha. Watu wakapiga kelele, wakubwa wakarudi mezani, na kabla siku haijafika Sony ikatangaza kwamba vipindi vitaendelea kuwepo kwa angalau miezi 30 mingine. Wengi walishangilia. Mimi nilikwama kwenye hiyo miezi 30. Kitu ulichokinunua kinawekewaje tarehe ya kwisha?

Nimeanza na mkasa huo wa mbali kwa sababu huku kwetu jambo lenyewe tunalichukulia kimzaha. Nikikaa na vijana naambiwa zama za kujaza muvi kwenye diski zimepitwa na wakati, ni ushamba. Siku hizi unalipia huduma ya kutiririsha na filamu za dunia nzima unatembea nazo mfukoni. Sina ugomvi na kulipia. Nalipia mwenyewe, na jioni za Jumamosi nafaidi kama wengine. Ninachokataa ni kuiita ile maktaba. Ni kiingilio cha ukumbi, na mwenye ukumbi ndiye anayeamua leo inaonyeshwa nini. Kesho akifunga mlango humdai kitu.

Na milango hufungwa kweli. Septemba 2021 Netflix iliwafungulia Wakenya kifurushi cha bure kwa simu za Android, chenye kama robo ya filamu zake. Novemba 1, 2023 kikaondolewa. Januari 2024 Amazon Prime Video ikaacha kuagiza kazi mpya kutoka Afrika, miaka michache tu baada ya kuja kwa mbwembwe na kuwapa wasanii wa Lagos na Johannesburg matumaini makubwa. Huko Marekani Disney ilirusha tamthilia ya Willow Novemba 2022, na Mei 2023 ikaitoa kwenye huduma yake yenyewe ili kupunguza gharama, ilhali haikuwa imetolewa kwenye DVD. Yaani hata mwenye mali hakuona sababu ya kuiacha mali yake rafuni. Kilichonikera zaidi ni Funimation, waliokuwa wakiuza DVD za katuni za Kijapani pamoja na namba ya kufungulia nakala ya kidijitali. Huduma yao ilipofungwa Aprili 2024 na wateja kuhamishiwa Crunchyroll, zile nakala hazikuhama nao.

Inavyofanya kazi ni hivi. Huduma ya kutiririsha, kwa filamu isiyo yake, hununua haki ya kuionyesha katika nchi fulani kwa muda fulani. Muda ukiisha, na mwenye filamu akapata mnunuzi mwingine au akaanzisha huduma yake, filamu inaondoka. Ndiyo maana orodha anayoiona shemeji yako aliyeko Muscat si ile unayoiona wewe Tanga, ingawa mnalipia kampuni moja. Kile kitufe cha kupakua nacho kisikudanganye. Kilichoshuka kwenye simu yako ni faili lenye kufuli, halifunguki nje ya programu ile. Baadhi ya filamu hukoma saa 48 tu baada ya kuanza kuzitazama, na ukiacha kulipa zote zinakufa.

Muziki ulipita njia hiyohiyo ukatoka. Februari 2007 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akisema Apple ingeuza nyimbo bila kufuli kama kampuni kubwa za muziki zingeruhusu. Kufikia 2009 nyimbo za duka la iTunes zilikuwa zikiuzwa hivyo. Ukinunua wimbo unapewa faili, unaliweka kwenye simu, kwenye gari, kwenye redio ya flashi ya bibi kijijini. Filamu hazikufuata. Studio kubwa hazijakubali, na hadi leo ukinunua filamu kwenye duka kubwa la mtandaoni unapewa ruhusa inayoweza kufutwa. Jimbo la California limelazimika kutunga sheria, inayotumika tangu Januari 1, 2025, ya kumtaka muuzaji amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Sheria hiyo haikumpa mteja filamu. Ilihakikisha tu anajua hajapewa.

Sasa turudi nyumbani, maana huku maktaba za filamu zipo, tena nyingi, isipokuwa haziko mahali ambapo waheshimiwa wangependa ziwe.

Shuka kituo chochote kikubwa cha daladala Dar es Salaam, hutakosa kibanda chenye meza, kompyuta moja ya mezani, spika inayopiga kelele, na kava za filamu zilizobandikwa ukutani hadi zimepauka kwa jua. Kwenye skrini kuna mafolda yamepangwa kwa ustadi ambao wakutubi wengi wangeuonea wivu: ACTION MPYA, KIHINDI TAFSIRI, SEASON KOREA, KATUNI, BONGO ZA ZAMANI. Mteja anatoa flashi kwenye pochi.

“Kaka, niwekee ile ya Kikorea, sehemu zilizobaki.”

“Flashi imejaa, dada. Nifute nini?”

Hapo ndipo napenda kusimama nikasikiliza. Dada anainama kwenye skrini, anasoma orodha yake mwenyewe polepole. Futa hiyo. Na hiyo, ni ya shemeji yangu, mieleka mitupu. Hiyo ya Kanumba usiguse. Kijana anafuta, ananakili, anapokea fedha inayokaribia bei ya soda, foleni inasogea. Yule dada ametoka kufanya uamuzi ambao mteja wa kutiririsha hatakiwi kuufanya kamwe: kipi kinabaki na kipi kinaondoka. Flashi ya GB 16 imemlazimisha kujua anachokipenda.

Hakuna kificho kwamba biashara hiyo, kwa sehemu kubwa, ni uvunjaji wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mwenye filamu hapati senti. Nitalirudia hilo baadaye kwa sababu ndiyo sehemu ngumu ya hoja yangu, na sitaki kujifanya sikuiona.

Lakini tazama kilichomo kwenye yale mafolda. Zile filamu za Kanumba, kwa mfano. Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012 akiwa na miaka 28, ameacha rundo la kazi, kuanzia Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 hadi Devil Kingdom aliyoigiza na Mnigeria Ramsey Nouah. Zile zilikuwa zama za VCD na DVD. Diski moja ya VCD haikuweza kubeba zaidi ya dakika 80 hivi, kwa picha ambayo kwenye TV za leo inaonekana kama imepigwa nyuma ya chandarua. Watayarishaji wengi wa Bongo Movie walikuwa wakimuuzia msambazaji filamu pamoja na haki zake zote, kwa malipo ya mkupuo, naye anachapa, anasambaza Kariakoo hadi Bukavu. Soko la diski lilipokufa, msambazaji hakuwa na sababu ya kutunza kanda mama. Mtayarishaji hana haki, na mara nyingi hana hata nakala. Unayemkuta na filamu ni mtu aliyeinunua kwa machinga mwaka 2009 akaitia kwenye kompyuta kabla diski haijachunika, au yule kijana wa kibandani.

Utaniambia ziko YouTube. Ziko, kiasi. Zimekatwa vipande sita, kona ya juu kumebandikwa nembo ya chaneli ya mtu asiyehusika, na sauti imepandishwa kidogo ili mitambo ya YouTube isiitambue, matokeo yake baba mzima anaongea kama mtoto wa darasa la pili. Siku chaneli ile ikifungiwa, vipande vyote sita vinaondoka pamoja.

Na kuna kundi la filamu ambalo haliwezi kupanda kwenye huduma halali hata kidogo. Nazungumzia muvi zilizotafsiriwa. Derek Mukandala, ambaye wapenzi wa video walimjua kwa jina la Lufufu, alikuwa akikaa na filamu ya kigeni akaisimulia upya kwa Kiswahili juu ya sauti ya waigizaji: anaeleza, anatania, anamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, anampa Mzungu jina la mtaani kwetu. Kenya wana DJ Afro, ambaye kwa wengi waliokulia kwenye mabanda ya video ndiye aliyewafundisha namna ya kutazama filamu ya Kichina. Uganda wana mavijei wao. Hiyo ni sanaa ya usimulizi iliyokaa juu ya mali ya mtu mwingine. Studio ya Hollywood haitatoa leseni kwa kazi ya namna hiyo, na hakuna kampuni ya kutiririsha itakayothubutu kuionyesha bila leseni. Ipo kwenye diski za watu. Zikifa hizo, imekwisha, na wajukuu wetu watasoma habari zake kwenye tasnifu za watafiti wa Kijerumani, ambao nawashukuru kwa kulichukulia suala hili kwa uzito kuliko sisi.

Nakala iliyosahaulika kwa mtu ina historia ya kuokoa. BBC, kampuni tajiri yenye kumbukumbu zinazosifiwa, ilifuta kanda nyingi za tamthilia ya Doctor Who ya miaka ya sitini ili izitumie tena. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyodhaniwa kupotea vimepatikana kwenye rafu za kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vilipelekwa huko vikaonyeshwa, na bahati njema hakuna aliyejisumbua kuvirudisha wala kuvitupa. Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya 1922, mahakama iliamuru nakala zake ziteketezwe kwa sababu ilichukua hadithi ya Dracula bila ruhusa ya mjane wa Bram Stoker. Mjane alikuwa na haki kisheria. Leo filamu hiyo inafundishwa vyuoni kwa sababu kuna nakala ambazo amri ile haikuzifikia.

Mimi sikuanza kuhifadhi filamu kwa ajili ya historia. Nilianza kwa sababu ya bando. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba ubora wa kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na ule wa HD hadi GB 3. Kwa mtu anayetazama filamu mara moja, sawa. Mtoto wa miaka minne hatazami katuni mara moja. Anaitazama asubuhi, anaitazama mchana, akikatazwa anaililia jioni, wiki nzima, mpaka mama mtu anayajua maneno yote na ameanza kumchukia yule sungura. Kila mara hiyo bando linaliwa upya. Faili likikaa nyumbani linalipiwa bando siku moja. Tena Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa, nyumba zenye diski zao hazikupungukiwa na katuni.

Nisikufiche kwamba ni kazi. Flashi nyingi huja zimepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kijana anakwambia “inakataa”, wewe unadhani flashi mbovu. Unaipanga upya kwa exFAT, halafu unagundua TV ya sebuleni, ya zamani kidogo, haisomi exFAT. Ukivuka hapo kuna janga la sauti: picha safi, watu wanachezesha midomo, kimya kabisa. Sauti imefungwa kwa mfumo wa DTS na TV yako haina leseni ya kuifungua. Dawa ni kuchomeka kompyuta yenye VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo cha uhandisi Ufaransa, ambayo sijawahi kuiona ikishindwa na kitu. Flashi ya TB 2 inayouzwa barabarani kwa bei ya chipsi kuku, iache hapohapo. Ndani ina GB chache tu na imechezewa ijitangaze kubwa. Ukizidisha inaandika juu ya filamu za zamani bila kukuambia, na utagundua siku ya wageni.

Diski nazo hufa. CD iliyochomwa nyumbani inategemea utando wa rangi ya kemikali, na rangi hiyo haipatani na joto la pwani. Diski ya nje huanguka mezani, huibwa, hupigwa na umeme ukirudi kwa kishindo. Kwa hiyo mtu mwenye filamu anazozijali anakuwa nazo kwenye diski mbili, na moja haikai nyumba ileile. Aiweke kwa dada yake Morogoro. Na aandike majina ya mafaili kwa adabu, jina la filamu na mwaka, maana faili linaloitwa “muvi kali final 2” baada ya miaka mitano hata mwenyewe hulijui.

Hiyo ndiyo gharama, na wengi hawataki kuilipa. Nawaelewa. Filamu nyingi hazistahili usumbufu huo. Unazitazama mara moja unazisahau, na kwa hizo kiingilio kinatosha. Maktaba ni ya zile chache utakazotaka mwanao azione.

Sasa ile sehemu ngumu. Mtayarishaji wa filamu akisoma hadi hapa ananiona mtetezi wa wezi. Amekopa, amepiga picha mvuani, amewalipa waigizaji kwa kuungaunga, na siku ya tatu baada ya kutoa kazi ameikuta kwenye mafolda ya kibandani. Serikali ilileta stempu za TRA kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013 ili nakala halali ijulikane. Soko likahama kutoka diski kwenda flashi, na flashi haibandikwi stempu. Kwake yeye, kutiririsha ni ukombozi. Binti ya Seko Shamte ilipoingia Netflix tulifurahi wote, na ilistahili. Chaneli kama Sinema Zetu nazo zinalipa. Kwa nini mtu huyu akubali kuuza faili tupu lisilo na kufuli?

Kwa sababu kufuli halijawahi kumsaidia. Kufuli la DVD, lililobuniwa kwa fedha nyingi, lilivunjwa mwaka 1999, na miongoni mwa waliohusika alikuwa kijana wa shule wa Norway, Jon Lech Johansen, ambaye mahakama za nchi yake zilimwachia huru mwaka 2003. Tangu hapo kila kufuli limepata mvunjaji wake. Mwizi halimsumbui, maana filamu inamfikia ikiwa tayari imefunguliwa. Anayesumbuka ni mama wa Mbagala mwenye fedha yake ya halali kwenye simu, anayetaka filamu aliyoiona msibani ikionyeshwa kwenye TV ya jirani, na ambaye hakuna mahali popote anapoweza kuinunua ikawa yake. Huduma ya kutiririsha inamtaka kadi ya benki na malipo ya kila mwezi kwa ajili ya filamu moja. Duka la diski limefungwa. Kibanda kiko wazi hadi saa nne usiku.

Basi auziwe pale kibandani. Mtayarishaji, au chama chao, awe na orodha ya vibanda vilivyosajiliwa. Kijana anapakua faili safi, lenye ubora kuliko lile la wizi, sauti inayocheza kwenye TV za kawaida, na ukubwa unaoingia kwenye FAT32. Mteja analipa kwa simu kwenye namba ya mtayarishaji, sehemu yake inakwenda kwa kijana papohapo, na faili linabeba jina la mnunuzi mwanzoni mwa filamu. Halizuii kunakiliwa, lakini watu wetu wana haya. Si kila mtu atapenda jina lake lizunguke mtaani kwenye nakala za bure. Zile za zamani zianze, ambazo sasa haziingizii mtu hata shilingi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, isaidie kutafuta nani hasa ana haki ya Bongo Movie ya mwaka 2008. Kazi hiyo ya kutafuta wenye haki ndiyo itakayochosha kuliko teknolojia yote.

Nilimweleza haya mtayarishaji mmoja tuliyekutana kwenye harusi. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka, akasema jirani mmoja atanunua na mtaa mzima utanakili. Nikamjibu kwamba kwa sasa hanunui hata huyo mmoja. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kijana wa kibandani atachukua asilimia ngapi. Nikasema 30. Akasema ni wizi mwingine huo, 20 inamtosha, na kava anachapa yeye mwenyewe.